Yuforbia duara imepanda rangi ya kahawia kitakoni: inaoza au inazeeka?

Binti wa Sakina

Habari zenu wadau wa maua. Naomba msaada kabla sijafanya kitu cha kujutia.

Niko Sakina hapa Arusha, nimepanga, na bustani yangu yote ni ukuta mfupi wa baraza. Pale nina aloe, mnanaa, na kimmea kimoja ambacho ndicho kimenileta kwenu. Nilikinunua kwa muuza maua wa barabarani, akaniambia ni kaktasi isiyo na miiba, "huyu hafi hata ukimsahau". Ni duara kabisa, watoto wamekibatiza jina la Mpira. Kijani chake ni cha majivu, kina mistari ya zambarau iliyofifia inayokizunguka, na kimegawanyika migongo minane iliyonyooka toka chini mpaka utosini. Juu ya kila mgongo vimefuatana vinundu vidogo vidogo kwa mstari mmoja. Upana sentimita saba, nimepima na rula ya mtoto.

Shida ni hizi. Kitakoni, pale kinapokutana na udongo, pamekuwa na rangi ya kahawia, pakavu, pana mikwaruzo, na naona rangi hiyo inapanda juu. Halafu tangu Juni ianze hakijaongezeka hata kidogo, bali kimenywea, ile migongo imechongoka zaidi na mabonde katikati yake yameingia ndani. Jirani yangu wa mlango wa pili, dada mwenye roho nzuri sana, anasema kinakufa kiu na ameniomba ruhusa awe anakimwagilia mchana nikiwa kazini.

Kingine, mwezi wa tatu utosini vilitoka vijitu vidogo vingi vyenye unga wa njano. Sasa vimekauka vimebaki vijiti. Sijui ni wadudu au ni nini.

Na mwisho, nina mtoto wa miaka minne. Mama mmoja kanisani aliniambia mimea ya namna hii ina maziwa ya sumu yanayopofusha. Nikitoe nyumbani?

Jembe la Njiro

Dada, mmea wowote ukinywea ni kiu, hiyo haihitaji mjadala. Mwagilia asubuhi na jioni, weka na samadi ya kuku iliyooza vizuri. Mimi matembele yangu yalinywea hivyo hivyo, wiki moja yakainuka.

Mama Vyungu

Jembe la Njiro, matembele ni matembele. Ukimwekea huyu samadi ya kuku mwezi huu, wiki ijayo Binti wa Sakina atakuja hapa kutangaza msiba.

Binti, kwanza huyo jirani mnyime ruhusa. Mnyime kwa adabu, mpe hata mnanaa aumwagilie, lakini kwenye Mpira asifike na kikombe.

Mimi nauza miche na vyungu barabarani huku Tengeru, na mimea ya aina hiyo inapita mikononi mwangu, mingi ikirudishwa na wateja ikiwa imeoza. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, chai yako iwe karibu.

Ulichonacho si kaktasi. Kaktasi kwao ni Amerika. Huyo ni yuforbia, Mwafrika mwenzetu, jina lake la kitaalamu Euphorbia obesa. Ni ndugu wa minyaa tunayozungushia mazizi, na kwenye ukoo huo huo mkubwa wamo muhogo na mnyonyo. Kwao ni Karoo, Afrika Kusini, upande wa Graaff-Reinet, nchi ya mawe na vichaka vifupi. Kule mvua ni kama mm 200 hadi 300 kwa mwaka mzima, na nyingi inanyesha kipindi cha joto. Hapa kwetu masika ikichachamaa, Aprili peke yake inaweza kukaribia kiasi hicho. Ukilijua hilo, mengine yote kuhusu huyu mmea yanaeleweka.

Sasa kitako. Weka kidole gumba pale ambapo kahawia imekutana na kijani, ubonyeze kama unavyojaribu parachichi. Pakiwa pagumu sawasawa na kwingine, pakavu, hapana harufu, hilo ni gamba la umri. Hawa wote wanalipata. Linaanzia chini, linapanda taratibu miaka na miaka, na mmea hausikii chochote. Wakati mwingine linapasuka vimistari, usishtuke. Kuoza kuna sura nyingine. Rangi inakuwa ya kuiva, nyeusi au ya manjano mbichi, mpaka wake umelowa, kidole kinazama, na ukiugusa mmea pembeni unayumba kwa sababu mizizi imeshakwenda. Harufu nayo utaipata kabla hata hujainama. Kahawia yako unayosema ni kavu na ina mikwaruzo, mimi naweka fedha yangu kwenye uzee. Lakini bonyeza, uje useme.

Kunywea ni usingizi. Karoo inapokuwa baridi, mmea unaacha kunywa na kukua, unatumia akiba ya mwilini. Arusha yetu Juni mpaka Agosti unaijua mwenyewe: asubuhi mawingu mpaka saa sita, jua likitoka ni la salamu tu, usiku watu wanatafuta blanketi la pili. Baridi yenyewe haimsumbui, kule kwao usiku wa Julai ni mkali kuliko wetu, na akiwa mkavu anavumilia hata umande wa barafu mwepesi. Kinachomuua ni baridi ikiwa na maji. Udongo umelowa, jua hakuna la kuukausha, mizizi imelala haivuti kitu, maji yamekaa tu pale. Wiki mbili tatu mmea uko vilevile, mzuri, umevimba, jirani anafurahi. Kisha siku moja unaushika kichwa kinabaki mkononi.

Kwa hiyo mpaka Agosti iishe, usimpe maji. Akinywea sana mpaka ukaona huruma inakuzidi, kijiko cha chakula pembezoni mwa chungu, siku ya jua, asubuhi. Siku ya jua, nimesema.

Septemba vumbi likianza na joto likirudi, hapo mmwagilie vizuri, mpaka maji yatoke tundu la chini. Hizo tabia za kunyunyizia kidogo kidogo kila siku ziache. Ukishammwagilia, subiri udongo ukauke wote, siyo wa juu tu. Namna ya kujua ni kunyanyua chungu. Kinyanyue siku umemwagilia, uzito wake ukae mkononi mwako, kisha kila ukipita kinyanyue. Siku utakayodhani kimepungukiwa kitu, ndiyo siku ya maji. Joto la Januari na Februari hiyo inaweza kuwa kila baada ya siku kumi au zaidi, inategemea chungu.

Masika ikianza mwingize chini ya bati. Usimwache nje ati mvua ni ya Mungu.

Udongo. Hapa ndipo wauzaji tunaposema uongo, na mimi najua kwa nini: udongo wa msituni ni mweusi, unapendeza, mteja anaupenda. Kwa huyu ni kaburi. Unataka mawe. Arusha hatuna shida ya mawe ya kufaa, vile vijiwe vya volkano vyekundu na vyeusi vyenye matundu ambavyo watu wanamwaga kwenye vichochoro vyao kuzuia tope. Chukua ndoo moja, pitisha kwenye chekeche, vumbi lote litupe, vinavyozidi punje ya harage viweke pembeni, vinavyobaki vioshe mpaka maji yawe meupe. Sehemu tatu za hivyo, sehemu moja ya mboji iliyochujwa. Basi. Ukimimina maji juu yanatakiwa yapite hapo hapo, yasisimame hata kidogo. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu kinapumua, ila visado vya rangi navyo vinafaa ukivitoboa sawasawa kwa msumari wa moto. Kiwe na kina, kwa sababu ana mzizi mkuu unaoshuka, usimweke kwenye kisahani.

Kuhusu mahali, sikiliza hili maana wengi hawalijui. Sisi tuko chini ya mstari wa ikweta. Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, na kwa mtu wa Arusha mjini kaskazini ni Mlima Meru. Baraza linalotazama mlima ndilo linalopata jua miezi ya baridi. Desemba linahamia kusini, baraza lile lile linabaki kivuli. Mwenye mmea wa kupenda jua inabidi ahame nao, au aweke kona inayopata asubuhi mwaka mzima. Akikosa jua huyu harefuki kwa afya, anachongoka juu, kijani kinakuwa kibichi, na ile mistari ya zambarau inapotea. Rangi yako ya majivu na zambarau inaniambia amekaa pazuri, usimsogeze.

Vijitu vya njano ni maua yake, si wadudu. Wadudu wa kuwaogopa ni wale weupe wenye unga wa pamba, wanajificha kwenye vile vijiti vya maua vilivyokauka na kwenye mizizi. Pamba ya masikioni, spiriti, unawagusa mmoja mmoja. Vijiti vikiwa vimekauka kabisa unaweza kuving'oa kwa kibano, vikikataa viache.

Na kama maua yalikuwa na unga wa njano, basi Mpira ni dume. Hawa wamegawanyika, kuna mti dume na mti jike.

Fundi Bomba Moshi

Shikamoo Mama Vyungu. Nakubali mengi ila hilo la kufunga maji kabisa miezi mitatu, kwa sisi wa Moshi haliendi.

Mimi niko Pasua. Nyie mko juu kwenye mita 1,400 huko, sisi huku ni 800 na kitu. Julai yetu mchana mtu anatembea na shati la mikono mifupi. Wangu nimemweka juu ya tangi la maji, pana bati nusu, na miezi ya baridi nampa kikombe kimoja cha kahawa kila baada ya wiki tatu hivi. Hajawahi kuoza. Mwaka uliopita rafiki yangu alifuata ushauri wa mtandaoni wa kukausha kabisa, wake akanywea mpaka akalala ubavu, ilibidi aegemezwe na jiwe.

Cha kuogopa Moshi ni Februari. Jua la saa nane la huku chini si la mchezo. Wangu alikuwa kivulini, nikamtoa siku moja kwenda juani moja kwa moja, upande wa magharibi ukapata doa jeupe kubwa kama nusu ya kiganja, baadaye likawa la rangi ya mkate. Halitoki tena. Kwa hiyo anayehamisha ahamishe kwa hatua, wiki ya kwanza jua la asubuhi tu, na ukiweza weka kipande cha chandarua cha zamani juu yake.

Mawe ya volkano sisi tunayo pia, lakini mimi nachanganya na chenga za mkaa zilizobaki chini ya gunia. Zinazofaa ni zile ngumu, siyo vumbi.

Mama Vyungu

Marahaba baba. Hapo kweli, Moshi ni nchi nyingine, nilikuwa namjibu mtu wa Sakina. Kikombe chako hakina ubaya maana udongo wako unakauka siku mbili. Ila na wewe ukipanda Kibosho kumtembelea shangazi usimshauri hivyo, kule juu ni mvua na ukungu, atamuua.

Rafiki yako aliyelaza mmea ubavu, je, mizizi ilikuwepo? Mara nyingi mmea unaonywea mpaka kulala hauna mizizi tayari, ilishaoza kipindi cha mvua, na kukausha kunapewa lawama isiyo yake.

Fundi Bomba Moshi

Sasa umenipa kazi ya kwenda kumfukua.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Nijibu la mtoto, maana naona limepitwa.

Dada, mama wa kanisani hajakudanganya. Utomvu mweupe wa yuforbia unaunguza, kuanzia minyaa mpaka hako kadogo kako. Kwa watu wazima tunaowapokea mara nyingi ni wakata uzio: mtu anafyeka minyaa, tone linaruka jichoni, analifikicha kwa mkono wenye utomvu, basi anaongeza.

Lakini mmea mzima ambao haujajeruhiwa hautoi kitu. Mtoto akiugusa tu hapati madhara. Shida ni akiukwangua kwa kucha, akiuchoma na penseli au akiuangusha ukapasuka. Kwa hiyo sisemi utoe, nasema upandishe juu asipofika, na mwambie mtoto waziwazi kwamba huyo haguswi. Wa miaka minne anaelewa.

Ukiushughulikia wewe, vaa glavu, usijishike uso, na usinawe kwa kujipangusa kanga tu. Utomvu ukiingia kwenye ngozi, sabuni na maji yanayotiririka, mapema, kabla haujakauka. Ukiingia jichoni, maji safi mengi, ukiwa umefungua kope kwa vidole, dakika zisizopungua 15. Dakika 15 za saa, watu wanaosha mara tatu wanaona wamemaliza. Kama umevaa lenzi, zitoe. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama umepata nafuu, kwa sababu maumivu ya utomvu huu yana tabia ya kutulia kidogo halafu kuzidi baada ya saa kadhaa, na jicho likishaanza kuona ukungu umechelewa kidogo. Wengi waliotibiwa mapema wanapona vizuri. Kwa wa Moshi, KCMC ina idara ya macho.

Na tafadhali, jichoni musitie maziwa ya mama, wala chai ya rangi, wala asali, wala dawa ya macho iliyobaki ya bibi. Maji.

Jembe la Njiro

Asante muuguzi. Na nifute ushauri wangu wa samadi, au ubaki kama mfano?

Mama Vyungu

Ubaki. Wengine wapo wanaofikiri hivyo hivyo ila hawakuandika.

Mkaazi wa Ngaramtoni

Naongeza dogo. Binti, ukipata nafasi muulize muuzaji wako mmea aliutoa wapi. Sikushtaki, wako inaelekea umetokana na mbegu za kitaluni, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini historia ya mmea huu si nzuri. Hooker wa bustani ya Kew, Uingereza, aliuelezea kitaalamu mwaka 1903, na haukupita muda mrefu wakusanyaji wakawa wameung'oa kule Karoo mpaka ukawa adimu kwao wenyewe, ikabidi sheria ziingilie. Leo yuforbia karibu zote za jamii hii yenye mwili wa maji zimo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, maana yake kuzivusha mpaka kunahitaji kibali, pamoja na cheti cha afya ya mimea. Ndugu yako akitoka Afrika Kusini au hata Nairobi akakuwekea mmoja kwenye begi kama zawadi, zawadi hiyo ina matatizo.

Ajabu ni kwamba mmea ambao porini uko sehemu moja ndogo ya nchi moja, duniani kote umejaa madirishani, kwa sababu mbegu zake zinaota kirahisi. Aliyeuokoa ni mpanda mbegu.

Na sisi huku tunazo yuforbia zetu, ndogo na kubwa, kuanzia mapori ya Longido mpaka Same. Ukipita huko usirudi na jembe. Ukitaka kujua jina la mmea wowote, makumbusho ya taifa ya mimea mikavu, yaani hebaria, iko hapa hapa Arusha, Ngaramtoni, kwenye mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ile ambayo wengi bado tunaiita TPRI. Picha nzuri ya ua inasaidia kuliko picha ya mmea mzima.

Binti wa Sakina

Jamani, asanteni. Shikamoo Mama Vyungu, nilisahau salamu kwa hofu.

Nimebonyeza. Pagumu. Nimebonyeza kahawia, nimebonyeza kijani, hakuna tofauti, na hapana harufu. Hauyumbi. Ila nilipogeuza chungu kuangalia tundu, tundu lenyewe limezibwa na udongo mwekundu uliogandamana, na juu kuna ukoko mweupe pembezoni. Udongo wote ni ule mfinyanzi wa hapa mtaani. Nimwamishe leo? Vijiwe nimeshachekecha, watoto wamefurahi kuosha.

Na baraza langu linatazama Meru, nimetoka nje kuhakikisha.

Jirani nimempa mnanaa. Amenuna kidogo lakini ameupokea.

Mama Vyungu

Marahaba mwanangu. Usimwamishe leo. Ukimhamisha sasa utakata vijizizi, na kwa baridi hii vidonda havikauki. Kwa kuwa udongo ni mkavu na mmea ni mgumu, mwache alale alipo. Zibua tu tundu kwa msumari, taratibu, kwa chini.

Septemba katikati, ukishaona siku tatu nne mfululizo jua limetoka saa tatu asubuhi, ndiyo umwamishe. Mtoe na bonge lake, udongo mkavu unapukutika ukiugonga kidogo, ule mfinyanzi ulioshika mizizi uondoe kwa kijiti cha mshikaki, usivute. Mzizi ukikatika ukatoa maziwa, usifunike na udongo siku hiyo. Mlaze kivulini juu ya gazeti mpaka kidonda kikauke, inaweza kuchukua wiki. Anavumilia, hana haraka. Halafu mpande pakavu, na maji ya kwanza yasubiri siku nyingine saba. Gamba la kahawia mwache nje ya udongo kama lilivyokuwa, usimzike zaidi ili lisionekane. Nimeona mtu akifanya hivyo kwa ajili ya urembo.

Ukoko mweupe ni madini ya maji ya bomba letu. Maji yale yale yanayotuachia alama kwenye birika. Ukikinga ya mvua kwenye ndoo wakati wa vuli, mpe hayo.

Fundi Bomba Moshi

Mama Vyungu, narudi na mambo mawili. Moja, ule mmea wa rafiki yangu tumeufukua. Hakuna mzizi hata mmoja. Umeshinda.

La pili, baada ya kusoma hapa nilitafuta picha za maua ya wangu nilizopiga Januari. Hayana unga wa njano kabisa. Kila kimoja kina kitu kimevimba katikati kidogo, na juu yake nyuzi tatu, ncha zake zimepasuka mbili mbili. Huyo si jike?

Mama Vyungu

Ni jike. Hongera baba, una binti.

Fundi Bomba Moshi

Basi Binti wa Sakina, naomba kutuma mshenga. Sina utani, huyu hazai pembeni kama aloe, bila mbegu hakuna wa pili. Mama, tunafanyaje?

Binti wa Sakina

Sisi upande wa kiume tupo tayari, ila mahari nadhani mnajua inatoka upande gani.

Mama Vyungu

Nyote mtulie, harusi ni ya msimu wa joto. Anzeni kuangalia tangu Novemba. Lazima wachanue pamoja, na mara nyingi dume linatangulia, kwa hiyo Fundi ukiona nyuzi tatu zimefunguka na zinang'aa kidogo, ndiyo umpigie mwenzio. Dume ndilo linalosafiri, jike asisumbuliwe maana ndiye atakayebeba. Mmoja wenu anachukua brashi ndogo ya rangi ya watoto, anaigusa kwenye unga wa njano, anaipitisha juu ya zile nyuzi, asubuhi pakiwa pakavu. Rudia kesho yake. Dume linaweza kulala Moshi siku tatu nne, hakuna neno.

Likikubali, mtaona kitunda cha pembe tatu kinavimba, kidogo sana. Ndani kuna mbegu tatu. Sasa hapo ndipo watu wanapolia, kwa sababu kikikauka kinapasuka kwa kishindo na mbegu zinarushwa mita kadhaa. Utasikia "tak" sebuleni na hutaziona tena. Fundi, kile kipande chako cha chandarua cha zamani, kata duara, mfunike jike kichwa chote, funga na uzi kiunoni. Mbegu zitanaswa humo. Zipandeni zikiwa mpya, juu ya vijiwe vidogo vilivyochanganywa na mboji kidogo zaidi, funika na plastiki angavu, joto la Moshi litazitoa ndani ya wiki mbili tatu. Plastiki itoe mapema, vinaoza vikiwa vichanga. Dume ni yupi na jike ni yupi hamtajua mpaka vichanue, na hiyo ni miaka.

Kwa usafiri, chungu kifungwe gazeti kavu mpaka shingoni, vijiwe visimwagike, na kisiwekwe kwenye buti na ndizi. Binti akae nacho mapajani, au ampe dereva akiweke mbele, na amwambie kina maziwa makali ili asikifinye kujaribu.

Mbegu mgawane nusu kwa nusu. Mkipata zaidi ya kumi na mbili, tatu ni zangu.

Jembe la Njiro

Na mimi moja. Naahidi samadi haitakaribia.